Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu na wazazi wetu, shikamooni. Kwa heshima na taadhima, karibu Ilemela.

Klabu ilianza na redio mbovu na bisibisi. Leo tunafuatilia ndege za Kanda ya Ziwa nzima, isipokuwa upande wa mawe na wakati umeme umekatika.

Rada ya msingi hurusha mapigo na kungoja mwangwi: kila mikrosekunde 12.4 za kwenda na kurudi ni maili moja ya baharini. Mwangwi hautaji jina. Hivyo rada ya upili huuliza kwa megahezi 1030, transponda ya ndege (redio inayojibu yenyewe) hujibu kwa 1090, ikitoa namba ya tarakimu nne na kimo. Kwenye kioo cha mwongozaji wa ndege, nukta ya ndege hupata maandishi yake. Sisi haturushi chochote. Tunasikiliza 1090, ambako ndege nyingi hutangaza mahali zilipo takribani mara mbili kwa sekunde.

Mheshimiwa, shida yetu ni mlingoti. Antena, kijiti cha sentimita 6.9, imefungwa dirishani. Mawimbi haya hayazunguki jiwe, na mawe ya Mwanza unayajua: ndege ikishuka nyuma ya kilima hutoweka kiooni. Antena ikipanda mita 15 pasipo kizuizi, ndege iliyo mita 10,000 juu husikika hata kilomita 400. Kurefusha kebo yetu nyembamba si dawa. Mita 15 zake hubakiza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu. Tunaomba kebo nene, kikuza mawimbi cha kufungwa juu kabisa (kikikaa chini, mawimbi yameshafia njiani), kikinga radi chenye waya wa arthi, na betri, kwani umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu huharibika.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja aliahidi mlingoti, tukapiga makofi. Aliyefuata akaahidi kufuatilia ahadi ya mwenzake, tukapiga tena. Shimo la msingi tulilichimba siku hizo. Kidato cha kwanza wanaliruka wakienda maabara. Barua ya kuomba kibali cha urefu kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ipo tayari, inangoja mlingoti wa kuombewa.

Ankara kifani ya fundi ipo ukurasa wa pili, pamoja na nafasi ya sahihi na tarehe. Kalamu anayo katibu.

Tunaomba kuwasilisha.