Lala Kwanza, Ndipo Unipigie

Mwanangu,

Barua hii utaikuta sandukuni, chini ya mfuko wa unga wa ulezi niliouzungushia kitenge. Nimeona niandike, maana kutwa nzima nikitaka kusema nawe, mara mgeni kabisha hodi, mara simu yako inalia, mara watoto wapo. Sasa ni saa sita usiku. Mmelala wote, na gari la kuwapeleka Entebbe linakuja saa kumi na moja alfajiri. Mimi sijalala, lakini mimi sina usukani wa kushika.

Na neno langu lenyewe ni la usukani.

Mwanao mkubwa ndiye aliyeniambia. Tulikuwa tumeketi mkekani nyuma ya jiko tunamenya njugu, yeye anazipasua kwa meno ingawa nimemkataza, akasema tu, kama anavyosema mambo yake mengine, "Bibi, siku moja mama alilala kwenye taa nyekundu. Gari la nyuma likapiga honi." Nikamuuliza, alilala au alifumba macho? Akasema, "Alilala. Mimi ndiye nilimwamsha." Akaendelea na njugu zake. Mimi vidole vilikufa ganzi, ungo ukanitoka magotini.

Sikukuuliza siku ile, wala iliyofuata. Nilikuwa nakuangalia. Nikakuona unasinzia umeshika kikombe. Nikakuona kanisani umesimama, watu wanaimba, kichwa chako kinashuka kidogo kidogo kama cha kuku wakati wa magharibi. Nilipokuja kukuuliza ukacheka, ukasema, "Mama, huyo mtoto anaongeza chumvi." Hakuongeza. Mtoto wa miaka kumi na moja anajua mtu aliyelala.

Huko Uingereza zamu yako ya usiku ni ya muda wa saa kumi na mbili nzima, umesimama, unageuza wazee wa watu kitandani, unawafuta, unawanywesha, unawasikiliza wakilia usiku. Saa mbili asubuhi unaingia kwenye gari uwahi kupokezana mlangoni na mumeo, yeye atoke kazini kwake, wewe uwapeleke watoto shule. Ni hapo ninapopaogopa. Usiku wenyewe siuogopi, kazi haijamuua mtu wa ukoo wetu. Naogopa ile nusu saa ya kurudi.

Nakuambia kitu ambacho sikuwahi kuwaambia ninyi. Baba yenu aliingia reli mwaka 1975, ikiwa bado ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na reli ikagawanywa, wenzake Wakenya wakavuka mpaka pale Malaba kurudi kwao, na wachache waliobaki hapa Tororo wakabeba zamu za wengi. Alikuwa akitoka usiku wa mabehewa, anafika asubuhi na baiskeli, macho mekundu. Na mimi nilikuwa nampa jembe kabla ya kitanda. Nilikuwa nasema mvua haingoji. Kile kidonda cha mguu wake, mlichoambiwa ni mbwa, hakikuwa cha mbwa. Alilala juu ya baiskeli akaingia mtaroni pale njia ya reli inapokata barabara. Aliponiomba nisiwaambie nilikubali haraka sana.

Basi ninaposema nawe habari ya kulala, usidhani ni uzee.

Siku niliyoifurahia kuliko zote katika wiki hizi tatu hukuiona, kwa sababu ulikuwa usingizini. Ile Alhamisi ya mvua. Ulisema unajinyoosha kidogo saa nane mchana, na wingu likafunga Mwamba wa Tororo wote usionekane, ikashuka mvua ya mabati, ile inayomeza sauti zote. Nikachungulia. Ulikuwa umelala kwa ubavu, mkono chini ya shavu, mdomo wazi, unakoroma kidogo. Nikafunga mlango. Mwanao mdogo nikampeleka jikoni nikampa mahindi apukuchue. Kile kipande cha paa kinachovuja kilianza kudondosha karibu na kitanda chako, nikaweka sufuria, na ndani ya sufuria nikaweka tambara ili matone yasilie. Shangazi yako alipokuja na mwavuli wake nikamwambia umekwenda sokoni. Nilimdanganya mchana kweupe na sikuungama. Nikaketi pale korido na chai yangu, nakusikiliza. Saa nane mpaka adhana ya magharibi. Chai ilipoa nisiinywe, na moyo wangu ulijaa.

Ulipoamka ulinigombeza kwamba nimekuacha upoteze siku.

Siku zenyewe kumbe unazihesabu, ndiyo maana. Umeniambia mwaka mzima mnapewa siku ishirini na nane za likizo, na ndani yake sikukuu zao zimo. Najua ulizibana ili uzilete huku. Nashukuru. Lakini nitasema na hili: nusu ya siku hizo ulizitumia kwenye simu. Ulipiga picha maembe ya mwisho mtini, hukula hata moja. Ulimpiga picha mwanao mdogo akioga kwenye beseni uani, mapovu hadi masikioni, ukakimbilia kivulini kuitazama ile picha, na mtoto mwenyewe yuko palepale bado anaoga, anakuita. Mimi nilikuwa namwagia maji. Alikuwa akisema "tena, Bibi, tena," na mtungi mzima wa maji ya bomba ukaisha, na sikuhesabu shilingi ngapi.

Vitu kama hivyo ndivyo vitakavyonibakia. Mkubwa kunyoosha shingo nimsuke huku anauma midomo asilie. Vikombe saba kwenye sinia badala ya kimoja. Mwanao mdogo akilala mapajani mwangu nami mguu umekufa ganzi na sitaki kuusogeza. Asubuhi kusikia mtu mwingine anawasha sigiri kabla yangu. Kaka yako akija kutoka Malaba na mkate, hana habari, anakaa tu mlangoni. Nyumba hii tangu baba yenu aondoke ilikuwa na sauti ya redio peke yake.

Inaniuma kidogo kwamba watoto wa kaka yako walikuwa shule muhula wa pili karibu siku zote mlizokuwapo. Wamefunga juzi tu, wakacheza na wenzao siku moja na nusu. Huko kwenu likizo ya kiangazi ni wiki sita, hapa ndiyo kwanza shule zinafungwa ninyi mnaondoka. Kosa si lako. Lakini mkubwa amejifunza kuomba chumvi kwa Kiswahili dukani akarudi na chumvi, si sabuni, na nilimsikia akimwambia binamu yake "ngoja kwanza" kwa sauti ile ile ya babu yake. Usiache kusema nao nyumbani. Mkiwa garini sema nao. Hapana, garini usiseme nao, garini tazama barabara.

Mwanao mdogo jioni ya kwanza aliniuliza nani amezima jua. Akaniambia kwao mwezi wa sita wanalala bado kweupe, jua linakaa mpaka saa tatu za usiku. Mimi nilimwambia hapa tuko karibu na ikweta, jua letu linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Alifurahi sana kusikia hivyo, akawa kila jioni anatoka kulihakikisha. Lakini mimi lilibaki kichwani kwa upande mwingine: mtu anayelala mchana katika nchi ya jua la saa tatu usiku analalaje? Tia pazia zito. Nimekuwekea lile shuka jeusi la pamba, pana, lishone mara mbili. Na ukasema tena kwamba mwezi wa kumi na mbili saa mbili asubuhi kwenu ndiyo kwanza kunapambazuka. Yaani utaendesha umechoka, gizani, na baridi. Wewe unayasema haya kama mtu anayesimulia bei ya nyanya.

Umesema mwenyewe basi linapita barabara ya mbele yako. Panda basi. Ukasema basi litakuchelewesha, watoto watakosa shule. Basi yule mama wa Kisumu ambaye mwanawe yuko darasa moja na mdogo, mwombe awapitie watoto asubuhi zile za zamu, nawe umpe zamu yako siku nyingine. Najua kuomba kunakushinda. Najua tabia hiyo umeipata wapi. Mlipokuwa wadogo nilikuwa nawaambia tusiombe hata moto kwa jirani, na nilijisifia hivyo kanisani.

Na habari ya paa. Mwezi wa tatu nilikuomba mabati, mwezi wa nne nikakukumbusha, mwezi wa tano nikamwambia kaka yako akukumbushe. Sikujua unayalipa kwa usiku wa ziada. Uliponiambia juzi, kwa kupita tu, kwamba "nilichukua zamu mbili za Jumapili za mabati," uliendelea kula na mimi sikuweza. Si nyumba nzima inayovuja. Kinachovuja ni upande wa chumba chenu, na fundi amekuja jana mkiwa mjini akahesabu bati nne, tena geji thelathini, pamoja na misumari. Yale ya rangi nyekundu niliyataka baada ya jirani wa chini kuezeka ya kwake. Hizo hela ulizoacha chini ya mto wangu, nimeziona, zinatosha bati nne na zinabaki. Usitume ya mwezi wa tisa. Usitume ya mwezi wa kumi. Ukituma nitaiweka kwenye akiba ya kikundi kwa jina lako na hutanikuta nimeila. Zile zamu za Jumapili warudishie wenyewe.

Sisemi uache kazi. Nawaambia watu wote hapa kwamba mwanangu anatunza wazee wa Uingereza, na wapo wanaokunja uso, eti kwa masomo yako yale ndiyo unafua mashuka ya watu. Nawajibu kwamba mzee wa mtu akifa mkono wake umeshikwa, aliyeushika ni mwanangu. Nilimsikia yule bibi unayemtunza, wa miaka tisini na tano, kwenye simu akikuita kwa jina la nyumbani. Nani alimfundisha? Nililia kidogo huko chooni.

Kesho mkishavuka Bugiri na Iganga watoto watalala. Waamshe Jinja waione Naili, dereva apunguze mwendo kwenye lile daraja la nyaya. Mkubwa ameniomba umweleze maji yanakwenda wapi, mimi nilimwambia mpaka Misri hakuniamini. Pale soko la njiani la Namawojjolo wanunulie gonja, zile ndizi za kuchoma, kuku acha, tumbo la mdogo halijatulia. Nimewafungia mayai sita ya kuchemsha na chumvi yake kwenye karatasi. Na wewe lala ndani ya gari, maana dereva ni mwingine. Kwenye ndege lala pia, usitazame sinema.

Yule mbuzi mwenye baka ana mimba, kaka yako ana hakika. Mwanao mdogo ameshampa mtoto jina kabla hajazaliwa, sitalitaja hapa, ataniuliza mwenyewe. Ada ya mtoto wa shangazi yako usiilipe, nimeongea naye, ana shamba la muhogo tayari kung'olewa. Fremu ya picha ya baba yenu niliyokuomba usijisumbue nayo, fundi seremala wa hapa ataitengeneza. Ile gauni ya bluu uliyoniletea nitaivaa Jumapili, nilisema inanibana lakini hainibani, nilikuwa nimekasirika kwa jambo la simu.

Jumatatu umesema unaingia zamu. Mnafika Jumapili mchana, Jumatatu usiku unaingia. Mwanangu, wapigie uwaambie unaanza Jumatano. Kama haiwezekani, basi siku hiyo gari libaki nyumbani. Siku hiyo moja tu nianzie hapo, nyingine tutazizungumza.

Mkifika msinipigie. Najua nimezoea kukaa na simu mkononi mpaka niwasikie, lakini safari hii kaka yako atatazama mtandaoni kama ndege imetua, itanitosha. Funga pazia, lala, watoto baba yao yupo. Ukiamka mwenyewe, bila saa ya kukuamsha, ndipo unipigie. Hata kama huku ni usiku wa manane nitapokea.

Mama yako.

Chupa ya odi, zile njugu za kusaga, iko kwenye kona ya kushoto, ndani ya soksi za mkubwa. Kifuniko hakikazi vizuri, usiilaze.