Barua ya malalamiko: kompyuta 24 za Debian zilizonakiliwa diski badala ya kusakinishwa

Meneja,
Idara ya Ufundi na Huduma kwa Wateja.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UGAWAJI WA DISKI NA USAKINISHAJI WA DEBIAN 12 KWENYE KOMPYUTA 24

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Kompyuta 24 mlizoleta kwa ajili ya maabara ya chuo hazikusakinishwa mfumo endeshi wa Debian 12 (aina ya Linux) kama mkataba unavyotaka. Mfumo ulisakinishwa mara moja tu, kwenye diski ya SATA ya GB 256, kisha diski hiyo ikanakiliwa nzima kwenda kwenye diski zote 24 za GB 512. Baada ya hapo hakuna aliyerudi kurekebisha vitu ambavyo ni lazima virekebishwe baada ya kunakili. Fundi wenu ametujibu kwa simu kwamba "Linux ndivyo ilivyo" na kwamba baadhi ya diski ni mbovu. Majibu yote mawili hatuyakubali, na sababu tunaziweka hapa moja baada ya nyingine ili idara yenu isipate tena nafasi ya kukisia.

Ushahidi wa kunakili unaonekana bila kufungua hata skrubu moja. Ukiendesha fdisk -l, amri inayoorodhesha diski na patisheni (vigawanyo vya diski), kwenye mashine yoyote kati ya hizo, inatoa onyo hili: "GPT PMBR size mismatch (500118191 != 1000215215) will be corrected by write." Namba ya kwanza ni sekta ya mwisho ya diski ya GB 256, ya pili ni sekta ya mwisho ya diski iliyopo kweli. Jedwali la GPT, yaani orodha ya patisheni za diski, huwekwa mara mbili, moja mwanzoni mwa diski na nakala yake mwishoni kabisa. Hapa nakala imebaki katikati ya diski, pale ilipokuwa mwisho wa diski ya zamani. Aidha, amri ya blkid inatoa UUID (namba za utambulisho wa patisheni) zilezile, herufi kwa herufi, kwenye mashine zote 24. Kisakinishi cha Debian hutengeneza UUID mpya kila kinapofomati patisheni, kwa hiyo hilo haliwezi kutokea kwa bahati.

Matokeo yake ya kwanza ni nusu ya diski kupotea. Tumelipia GB 512, watumiaji wanaona GB 256. Msituambie tupanue wenyewe, kwa sababu mpangilio mlioweka unazuia: patisheni ya /home, ya faili za watumiaji, ni ya nne, na ya tano ni swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ya GB 2 iliyobanwa nyuma yake. Ili /home ipanuke, swap lazima ifutwe kwanza, jedwali lihamishwe mwisho wa diski kwa sgdisk -e, /home ivutwe kwa parted na resize2fs, ndipo swap itengenezwe upya na UUID yake mpya iingizwe kwenye /etc/fstab (orodha ya patisheni za kupachikwa mfumo unapowaka) na kwenye /etc/initramfs-tools/conf.d/resume. Anayesahau hilo faili la mwisho ataona kila anapowasha mashine inasimama inasubiri swap ambayo haipo, na kesho mtatuambia tena diski ni mbovu.

Sasa tuje kwenye kasoro iliyotuudhi zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyofanya hati ya makabidhiano isainiwe.

Kompyuta 18 kati ya 24 zina diski za NVMe, ambazo Linux huziita /dev/nvme0n1. Kwenye /etc/fstab ya mashine hizo kuna mstari huu ulioandikwa kwa mkono:

/dev/sda1 /boot/efi vfat umask=0077 0 1

Kisakinishi cha Debian hakiandiki hivyo, huandika UUID. Kwenye mashine ya NVMe isiyo na diski nyingine, /dev/sda1, jina linalotumika kwa diski za SATA na USB, haipo kabisa. Mfumo unasubiri kwa sekunde 90, unakata tamaa, kisha unaingia hali ya dharura. Na kwa kuwa akaunti ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) haikupewa nenosiri, hata hiyo hali ya dharura haifunguki: inaandika "Cannot open access to console, the root account is locked" na kumwacha mtumiaji hapo.

Mbona basi siku ya makabidhiano ziliwaka zote? Kwa sababu fundi wenu alikuwa amechomeka flashi yake. Flashi ndiyo inayopewa jina la sda, na patisheni yake ya kwanza, kwa kuwa ilifomatiwa FAT32, ilipachikwa kwenye /boot/efi bila mfumo kulalamika. Ukichomoa flashi, mashine haibuti. Ukiirudisha, inabuti. Jambo hili yeyote anaweza kulirudia mbele ya meneja wenu kwa dakika tano, na tunaomba mlirudie. Ubaya wake hauishii kwenye kubuti: sasisho la kifurushi cha GRUB (programu inayowasha mfumo) likija wakati flashi ya mwanafunzi imechomekwa, faili za kuwashia mfumo zitaandikwa kwenye flashi ya mwanafunzi, na patisheni ya EFI iliyo ndani ya diski itabaki na faili za zamani.

Dawa ya mstari huo ni fupi: blkid /dev/nvme0n1p1, kuchukua UUID yake, kuiweka mahali pa /dev/sda1, kisha kuendesha findmnt --verify kabla ya kuzima. Amri hiyo ya mwisho husoma fstab nzima na kutaja kila chanzo kisichopatikana. Ingeendeshwa karakana kwenu, barua hii ingekuwa fupi zaidi.

Kuhusu kubuti kwenyewe. Kwenye UEFI (programu ya madabodi inayoanzisha kompyuta), orodha ya mifumo ya kuwasha hukaa kwenye kumbukumbu ya madabodi, haikai kwenye diski. Ukinakili diski, orodha haifuati. Debian huweka faili zake kwenye \EFI\debian\, na madabodi ambayo haijaambiwa itafute huko hutafuta mahali pamoja tu pa akiba, yaani \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI. Kwenye nakala yenu faili hilo halipo. Kwenye mashine za NVMe, fundi aliongeza njia kwa mkono kupitia menyu ya madabodi, moja baada ya nyingine. Ni kazi inayodumu mpaka mtu arudishe mipangilio ya kiwandani. Mashine mbili zimeshapoteza njia hiyo na zinadai hazina diski ya kuwasha, wakati diski ipo na data zote zimo.

Kwenye zile 6 za SATA mambo ni mabaya zaidi. Badala ya kurekebisha EFI, mipangilio ya madabodi ilibadilishwa kwenda Legacy (uwashaji wa zamani wa BIOS), na GRUB ya BIOS ikalazimishwa kuingia kwenye diski ya GPT isiyo na patisheni ya BIOS boot. GRUB yenyewe hukataa jambo hilo kwa maneno makali, ikisema "blocklists are UNRELIABLE", na haiendelei mpaka iongezewe --force. Sababu ya kukataa ni hii: kwenye diski ya MBR (jedwali la zamani la patisheni) kuna nafasi kabla ya patisheni ya kwanza ambamo GRUB hujificha, kwenye GPT nafasi hiyo haihesabiki kuwa yake, hivyo huhitaji patisheni ndogo ya MB 1 yenye alama EF02. Isipoipata, hubaki kukariri namba za sekta ambamo faili lake la core.img limelala ndani ya ext4. Faili likiandikwa upya na kuangukia sekta nyingine, mashine inaweza kushindwa kabisa kuwaka. Hatutaki muongeze patisheni ya EF02. Mashine hizi zina UEFI, na patisheni ya EFI tayari imo. Tunataka zirudishwe UEFI, na hali ya Legacy ifungwe.

Fundi atakayekuja azingatie kwamba flashi ya uokoaji nayo lazima iwashwe kwa UEFI. Kipimo ni kuangalia kama folda ya /sys/firmware/efi ipo. Isipokuwepo, grub-install itasema "EFI variables are not supported on this system", na atapoteza asubuhi nzima kutafuta kosa kwenye diski.

Mkataba ulitaja /boot, patisheni ya keneli (kiini cha mfumo), ya GB 1. Mmeweka MB 200. Keneli moja ya Debian 12 pamoja na initrd yake (faili la kuanzishia mfumo) huweza kuchukua MB 50 hadi 100 kutegemea famuea zilizomo, na wakati wa sasisho keneli mpya huandikwa kabla ya zile za zamani kuondolewa. Ndiyo maana apt inakwama na "No space left on device", dpkg inabaki nusu njia, na masasisho mengine yote ya usalama yanasimama nyuma yake. Kwa muda tunaondoa keneli za zamani kwa apt autoremove --purge. Hilo si suluhisho, ni kuzuia tu mashine zisikwame zote kwa pamoja.

Kunakili kumeacha pia mambo yasiyoonekana kwenye skrini. Funguo za SSH, zinazotambulisha kila mashine kwenye mtandao, ni zilezile kwa mashine zote, hivyo mwenye haki za root kwenye mashine moja anaweza kujifanya yoyote kati ya 23 zilizobaki, na hii ni maabara ambayo wanafunzi hupewa root makusudi wakati wa mazoezi. Faili la /etc/machine-id nalo ni moja kwa zote, hivyo kumbukumbu za matukio tunazokusanya kwenye seva hazitofautishi mashine. Na kwa kuwa UUID za patisheni zinafanana, ukichomeka diski ya mashine mbovu kwenye mashine nzima ili kuokoa faili, mfumo unaweza kupachika patisheni isiyo yake. Huko ndiko data hupotea kweli.

Kuhusu madai ya diski mbovu, smartctl -a, amri inayopima afya ya diski, kwenye mashine zote za NVMe inaonyesha Critical Warning 0x00, na Media and Data Integrity Errors ni 0. Zile za SATA hazina sekta hata moja iliyohamishwa. Diski ni nzima. Na ile mashine ambayo fundi alisema Debian "haioni diski", dmesg (kumbukumbu za keneli) inaeleza yenyewe: "Found 1 remapped NVMe devices. Switch your BIOS from RAID to AHCI mode to use them." Ilihitaji kuingia kwenye mipangilio ya madabodi na kubadili RAID kuwa AHCI. Tumeibadili, na diski inaonekana.

Tunachodai ni kwamba mashine zote 24 zisakinishwe upya, hapa chuoni, mbele ya mtu wa kitengo chetu, kwa kisakinishi cha Debian chenyewe. Kama ni kuokoa muda, tumieni faili la preseed: mgawanyo wa diski unaandikwa mara moja na kila mashine inajifomati yenyewe kwa UUID zake. Mgawanyo ni uleule wa kwenye mkataba: EFI MB 512, /boot GB 1, / GB 60, swap GB 8, na /home nafasi yote iliyobaki, ikiwa ya mwisho. Njia ya akiba ya BOOTX64.EFI iwekwe pia, kwa grub-install --force-extra-removable, ili mashine isitegemee kumbukumbu ya madabodi peke yake.

Pendekezo la fundi wenu la kunakili tena "kwa diski nzuri zaidi" tunalikataa. Ikiwa kampuni bado inasisitiza kunakili, basi kila nakala ipitie sgdisk -e, sgdisk -G, tune2fs -U random kwa kila ext4, fstab mpya, funguo mpya za SSH na machine-id mpya, kisha update-initramfs -u, update-grub na mwisho kabisa grub-install. Mpangilio huo usigeuzwe: sgdisk -G hubadilisha utambulisho wa patisheni ambao njia ya kubuti ya UEFI huutegemea, kwa hiyo anayeanza na grub-install atakuwa amejenga na kubomoa. Hata hivyo mgawanyo wa /boot utabaki mdogo na itabidi upangwe upya, ndiyo maana kusakinisha upya ni kazi nyepesi kwenu pia.

Kazi itapokelewa mashine moja moja. Flashi zote zitachomolewa, mashine itazimwa kabisa na kuondolewa kwenye umeme, itawashwa, na fundi ataonyesha efibootmgr -v, lsblk -f, findmnt --verify na fdisk -l zikiwa hazina onyo lolote. Itakayoshindwa hapo haitasainiwa.

Hati ya makabidhiano iliyosainiwa awali tunaihesabu kuwa batili kwa mashine 18 zilizowashwa kwa msaada wa flashi. Malipo ya awamu ya mwisho yamesimamishwa hadi kazi ikamilike, na muda wa waranti uanze kuhesabiwa upya siku hiyo. Tunatarajia ratiba yenu kwa maandishi ndani ya siku 7 za kazi tangu kupokea barua hii. Usipopatikana mwafaka, tutaendelea chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na kuwasilisha lalamiko Tume ya Ushindani.

Tumeambatisha matokeo ya blkid, fdisk -l, smartctl na nakala ya fstab kwa kila mashine, yakiwa yamepangwa kwa namba za mashine kama zilivyo kwenye hati yenu ya kupelekea mzigo.

Wenu katika kazi,

Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA

Nakala: Kitengo cha Ununuzi na Ugavi, Ofisi ya Mhasibu