Barua ya malalamiko: ile karabine ya "haipigi bega" na avanse yangu

Lubumbashi, Bel-Air

Kwa Bwana Direkta wa biashara, kampuni ya ulinzi

Jambo Bwana Direkta,

Mi ni klienti wenu wa zamani, basentineli wenu njo banalinda lupango yangu na juu yao siko na neno, ni vijana ba heshima, banaamkaka usiku banazunguka na lampe. Malalamiko yangu iko juu ya ule komersiale wenu alikuya kwangu na ile karatasi ya rangi, karabine ya 9 mm, bunduki ya kitako yenye kupiga masasi ya bastola, "ya michezo na ya kulinda nyumba, haipigi bega, hata mama anaitumia, haitoboi ukuta, dokima tunatengeneza sisi". Akabeba dola 400 ya avanse, akaacha resi yenye kashe ya kampuni. Tangu pale kila nikipiga simu ni "iko njiani papa". Njiani gani, hata kama ingetembea na miguu toka Kasumbalesa, kule mupakani, ingekuwa ishafika.

Lakini makuta njo haiko ya kwanza. Ya kwanza ni bile munasema juu ya hii silaha, juu munaambia bantu benye kuwa na woga, na muntu mwenye woga anaamini haraka. Mi hizi karabine nazijua kidogo, nilifanyaka kazi Afrika Kusini na kule rafiki yangu ni memba wa klabu ya kulenga shabaha, alikuwa ananibeba na nilikuwa napiga na yake, yeye amesimama pembeni yangu. Ule komersiale wenu nilimuuliza inafanya kazi namna gani ndani, akanijibu "ni teknolojia". Sawa.

Kwa bega hamukudanganya yote. Risasi ya 9 mm iko na gramu kama 8, ukiipiga mu silaha ya kilo 3 yenye kitako inasukuma kidogo sana, ukipanga na fusil ya kalibre 12 ya bawindaji, ile 12 inasukuma mara mingi zaidi. Lakini "haipigi" ni uongo. Karabine mingi za bei ya chini hazifungi kulase, ile chuma ya ndani yenye kurudi nyuma, pale risasi inatoka, kinachozuia ni uzito wake tu, njo maana inatengenezwa nzito, na chuma nzito ikirudi nyuma inagonga, ikienda mbele inagonga tena, sasa pua ya bunduki inatikisika kuliko vile ungefikiria kwa kalibre ndogo hivi. Bantu ba kazi hii banajua na banatafuta dawa yake: Ruger PC Carbine, iliyotoka mwisho wa 2017, iko na kipande cha tungsten, chuma nzito sana, ndani ya kulase kinachotembea na kupunguza ile kugonga, SIG MPX inatumia gazi na inajifunga kabisa, MP5 ya Heckler & Koch tangu miaka ya 1960 iko na viringi vinavyochelewesha kulase kurudi. Hizo ni silaha tofauti, na bei tofauti! Karatasi yenu haisemi ni ya aina gani, hata jina la fabrika haiko, paka picha ya mama mmoja anacheka.

Kwa michezo, kweli, ni silaha nzuri na nilifurahi nayo kabisa. Mu mashindano ya kulenga shabaha ya IPSC, na ya USPSA ya Marekani, kuko divizio nzima ya karabine za kalibre ya bastola, Marekani walianza nayo 2016, na banakupimia hata nguvu ya risasi: uzito kwa greni mara spidi kwa futi kila segondi, ugawe kwa 1000, ikose kufika 125 hauhesabiwi. Risasi ya kawaida ya greni 124, ni zile gramu 8, mu mtutu wa inchi 16 inapita pale bila shida. Sasa niambieni, mi nitacheza hii michezo wapi hapa Bel-Air? Karatasi inasema "michezo", nikauliza kiwanja kiko wapi, nani anasimamia, komersiale akasema "tutapanga na kijiji moja ku njia ya Likasi". Kupiga masasi karibu na kijiji munaita michezo?

Tuje ku nyumba, hapa njo nilikasirika. "Haitoboi ukuta juu kalibre ni ndogo." Bwana Direkta, bega na ukuta ni mambo mbili. Kama bega yako haikuumia haimaanishi risasi imechoka. Tena mtutu murefu unaongeza spidi, ile 9 mm inayotoka mu bastola na kama mita 350 kwa segondi, mu mtutu wa inchi 16 inaweza kukaribia mita 400. Matofali ya kuchoma ya inje labda itaizuia, sawa, lakini ndani ya nyumba zetu iko nini? Milango ya tripleksi, plafo ya tripleksi, madirisha, na pembeni ku lupango moja unakuta aneksi ya mupangaji yenye mulango wa tole. Hakuna hata kimoja cha hivyo kinasimamisha 9 mm. Mu aneksi yangu mi kunalala mama mmoja na batoto. Basi bibi yangu apige usiku, mu giza, anatetemeka, na masikio imezibika juu ndani ya nyumba ile sauti inapita desibeli 140, halafu munatuambia mama anacheka ku picha.

Na kile kioo cha kulengea chenye doti nyekundu, komersiale alisema "pale doti iko, risasi iko". Ku mita 50 labda. Kile kioo kinakaa juu ya mtutu kama sentimeta 5 mupaka 7, sasa ukiwa mu koridori, mita 4 ao 5, risasi inagonga chini ya doti karibu zile sentimeta zote. Ku klabu ni kintu cha kwanza walinionyesha, na kwenu hakuna aliyesema hata siku moja, wala mafunzo hayako mu bei, niliuliza.

Dokima sasa. Mambo ya silaha na masasi mu nchi yetu inapangwa na sheria, Ordonnance-loi 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na ruhusa inatoka kwa Serikali, haitoki mu biro ya kampuni ya gardiennage, ya ulinzi. Basentineli wenu benyewe habaruhusiwi kubeba bunduki, banasimama na fimbo na filimbi, klienti akitaka silaha ku mulango munamuombea polisi, kila muntu wa Lubumbashi anajua. Sasa kampuni yenye haiwezi kumupa sentineli wake bunduki inaniuzia mi karabine na kuniambia dokima iko simple? Siku bapolisi bataikuta chini ya kitanda yangu ni nani ataingia kasho, ule komersiale?

Njo naomba hivi. Dola zangu 400 zirudi zote, kwa mukono ao kwa M-Pesa, na resi ya kuonyesha zimerudi, sitaki "kredi ya huduma", sitaki kamera ya zawadi. Ile karatasi itoke mu magrupe ya WhatsApp ya kwartie, juu majirani wangu wawili bananiambia nao balifikiwa na mmoja ni mwanamuke mwenye kuishi peke yake. Na kama munataka kweli kulinda nyumba, ongezeni sentineli ya pili usiku ku upande wa nyuma, mwaka nzima naomba hiyo, ile taa ya kona irekebishwe, na kengele ifanye kazi hata kama SNEL imekata umeme. Hiyo nitalipa, hata kesho.

Nangoja jibu ya maandishi mbele ya mwisho wa mwezi. Likikosekana nitapeleka resi na karatasi kwa avoka, na kontra ya sentineli nitaivunja kufuatana na ile artikle ya mwisho, nimeisoma.

Klienti wenu wa Bel-Air

Fotokopi ya resi na ya ile karatasi iko nyuma ya barua.