Tusiwapeleke wazee wetu vyumba vya juu melini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala ya safari iliyotoka katika gazeti lako la Jumapili iliyopita, ile iliyowashauri wasomaji wanaotaka kuwatembeza wazazi wao kwa meli kubwa za kitalii kwamba wachague chumba cha juu kabisa, tena cha mbele kabisa, chenye roshani, kwa kuwa ndicho chumba cha heshima. Mwandishi ameandika kwa nia njema, na najua kwamba wapo vijana wetu walioko Dubai na Muscat wanaojikusanya ili wazee wao nao waionje safari ya namna hiyo. Hata hivyo, ushauri ule ukifuatwa kama ulivyo, mzee atalipiwa fedha nyingi ili akeshe na ndoo kifuani. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa mhudumu wa vyumba katika meli za kampuni za nje kwa miaka 11, na katika miaka hiyo nimetandika vitanda vya omoni, yaani mbele ya meli, vya tezini, yaani nyuma yake, na vya katikati, na nimefuta sakafu za vyumba hivyo vyote.

Meli inapokutana na mawimbi hufanya mambo mawili. Kwanza huenda mrama, yaani hulalia ubavu mmoja kisha ikalalia wa pili. Na pili huinua omo na kuishusha, huku tezi ikifanya kinyume chake. Katika mwendo ule wa kwanza, kadiri abiria anavyokaa juu ndivyo anavyopelekwa mbali zaidi, kama alivyo mkwezi aliye kileleni mwa mnazi siku ya upepo akilinganishwa na mwenzake aliyeegemea shina. Katika mwendo wa pili, kadiri anavyoikaribia ncha ya meli ndivyo sakafu inavyomnyanyua na kumwacha. Mahali ambapo mienendo yote miwili huwa midogo ni katikati ya meli kwa urefu wake na chini kwa kimo chake. Wazee wetu wa majahazi walikuwa na methali yao, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na sisi tumezoea kuitumia kwa mambo ya dunia tu. Lakini ngama, pale maji yanapokusanyika ndani ya chombo, iko wapi, kama si chini?

Ni kweli kwamba meli kubwa za leo zina mapezi ya chuma yanayochomoza ubavuni chini ya maji, na kwamba mapezi hayo hupunguza mrama kwa kiasi kikubwa. Lakini hayana la kufanya pale omo inapopanda na kushuka. Kwa hiyo mtu akibanwa achague moja kati ya mawili, mimi nitamwambia achukue chumba cha juu kilicho katikati na aache cha chini kilicho omoni, ingawa bora kuliko vyote ni kile cha chini na katikati kwa pamoja.

Sisi wahudumu tulikuwa na kipimo chetu kisichoandikwa mahali popote. Katika kila kabati la nguo mlikuwa na vitundikio vya mbao, na bahari ilipochafuka vitundikio vya vyumba vya omoni vilianza kugongana vyote kwa pamoja, ko-ko-ko, usiku kucha, hata tukawa tunapita kuvifunga kwa taulo ili abiria angalau apate kufumba jicho. Ukitembea kwenye ujia ule ule kuelekea katikati, sauti ile ilipungua mlango hadi mlango, na ulipofika penye ngazi kuu ulisikia kitundikio kimoja kimoja, tena kwa mbali. Huko omoni ndiko tulikopeleka maepo ya kijani, biskuti kavu na tangawizi. Nasi wenyewe tulilala chini ya usawa wa maji, kwenye vyumba visivyo na dirisha, wanne wanne, na bahari ilipochafuka tulilala usingizi, wakati aliyelipa mara nyingi zaidi ya mshahara wangu wa mwezi alikuwa juu ameshika kingo za kitanda.

Bei ya chumba cha juu haimaanishi utulivu. Abiria analipia mandhari, roshani, na kuwa karibu na bwawa la kuogelea na mikahawa. Ukaribu huo nao una gharama yake. Chumba kilicho chini ya sitaha ya bwawa huamshwa alfajiri na viti vinavyoburutwa na wafagizi, na kilicho juu ya ukumbi wa ngoma hakilali mpaka ngoma iishe. Cha omoni kabisa husikia minyororo ya nanga pale meli inapotia nanga nje na kushusha watu kwa boti, na pia husikia mashine za pembeni zinazoisukuma omo wakati wa kufunga gati. Cha tezini hutetemeka kwa sababu ya rafadha, yaani pangaboi inayoisukuma meli, japo wapo wanaokipenda kwa kuutazama mkondo mweupe unaobaki nyuma, na sitawagombeza kwa hilo.

Anayetaka kumchagulia mzazi wake chumba asitazame picha za kitanda peke yake. Aombe ramani za sitaha zote, kisha aziweke moja juu ya nyingine na atazame kilicho juu ya chumba anachokitaka na kilicho chini yake. Chumba kizuri ni kile kilichobanwa na vyumba vingine juu, chini na ubavuni, kwa maana watu waliolala hawana kelele. Atakapoona mahali peupe pasipoandikwa kitu kwenye ramani asidhani kuwa ni patupu: mara nyingi hapo ndipo penye jiko, ghala au njia ya wafanyakazi, na magari ya kusukumia vyombo hupita hapo tangu kabla ya jua kuchomoza. Aangalie pia kama dirisha halikuzibwa na boti za kuokolea. Vyumba vya namna hiyo huuzwa kwa bei nafuu na hakuna ulaghai ndani yake, ila mtu ajue mapema kwamba atakachokitazama safari nzima ni tumbo la boti. Ipo vilevile bei ya chini zaidi, ambayo kwayo abiria huiachia kampuni imchagulie chumba popote penye nafasi. Kijana asiyejali alalapo aichukue bila wasiwasi. Kwa mzee anayesumbuliwa na kizunguzungu, fedha iliyookolewa hapo itapotea kwingine.

Kuhusu dirisha, hapa nakubaliana nusu na mwandishi wa makala. Mtu hulevywa na bahari kwa sababu masikio yanauhisi mwendo ambao macho hayauoni, na mtu anapopata kuitazama pale bahari inapokutana na mbingu, mara nyingi hutulia. Kwa hiyo chumba cha ndani kisicho na dirisha si chaguo zuri kwa mgonjwa, hata kikiwa katikati. Lakini dirisha si lazima liwe roshani ya ghorofa ya 12. Meli nyingi zina vyumba vya sitaha za chini vyenye dirisha lisilofunguka, na kwa maoni yangu hivyo ndivyo vyumba vya wazee.

Lipo jambo jingine ambalo waandishi wa ramani hizo hawalifikirii, nalo ni sala. Katika chumba cha ndani giza ni moja usiku na mchana, na niliwahi kumkuta abiria mmoja mzee, Mwislamu kutoka Bara Hindi, amekaa kitako juu ya taulo akiwa amechanganyikiwa, kwani alisali alfajiri kwa kukisia, akafungua mlango akakuta watu wanarudi kutoka kifungua kinywa. Nilimfundisha kuiacha televisheni ikionyesha kamera ya omoni, ambayo meli nyingi huwa nayo, ili aone kunavyokucha; na nikamwonyesha pia mahali panapoonyeshwa uelekeo wa meli, maana kibla cha sala ya magharibi sicho kitakachokuwa cha isha baada ya nahodha kugeuza usukani. Mwenye dirisha angalau nusu ya kazi hiyo humfanyia jua.

Na magoti tusiyasahau. Meli ya kitalii Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina urefu wa mita 365, zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa safu, na ina sitaha 20. Mzee aliyewekwa mwisho wa ujia hutembea mwendo mrefu kabla hajaifikia lifti, kisha hurudi mwendo ule ule kwa sababu amesahau miwani. Chumba kiwe karibu na lifti, ila milango mitatu au minne mbali nayo, kwani penye lifti watu husimama na kuzungumza kama wako barazani.

Usalama nao usiachwe. Kila chumba hupangiwa mahali pa kukusanyikia, na mahali hapo hapako lazima karibu na chumba. Baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kupinduka pwani ya Italia Januari 2012, sheria za kimataifa zilikazwa ili abiria wafanyishwe mazoezi ya kujiokoa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Mwana atakayesafiri na mzazi wake amtembeze njia hiyo kwa miguu mara mbili siku ya kwanza. Sisi wa Pemba hatuhitaji kuambiwa sababu. Usiku wa Septemba 10, 2011 tunaukumbuka, na najua kwamba Spice Islander, meli iliyokuwa ikitoka Unguja kuja Pemba, ilizama kwa kupakia kupita kiasi, wala si kwa sababu ya mtu kukaa juu au chini, lakini kujua mlango uko wapi hakujawahi kuwa hasara.

Ndugu Mhariri, huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya wenye fedha. Sivyo. Julai mwaka jana nilimleta mama yangu kutoka Mkoani, Pemba, kuja Unguja kwa matibabu ya macho. Kwenye dirisha la tiketi nilitaka za sitaha ya chini, katikati. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, alimwangalia mama kwenye baibui lake, akasema kwa umri ule Bibi anastahili daraja la juu, mbele, penye viti vya kulalia na kipoza hewa. Hakukuwa na ramani ya meli ukutani, foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, na mimi, nakiri, nikaona haya kuonekana nambania mama. Nikalipa.

Kila anayesafiri njia hiyo anajua Julai ni mwezi wa kusi, yaani upepo wa kusini, na meli inayotoka Pemba kuja Unguja huwa inaliingia kusi uso kwa uso. Tulipoikaribia Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, omo ilianza kupanda na kushuka, na mama akaanza kutapika. Vifuko vikaisha. Nikamshika mkono tukashuka ngazi taratibu, sitaha kwa sitaha, mpaka chini katikati, na pale nikawakuta kina mama wa Kipemba zaidi ya 20 wametandika mikeka na kanga tangu tulipokuwa bado gatini Mkoani, wamelala ubavu, wengine wanakoroma. Walisogeana bila kuulizwa. Mama alilala baina yao na hakutapika tena mpaka Malindi, bandarini Unguja. Alipoinuka akajifunga mtandio wake, akaniuliza mbele ya wote: "Mwanangu, hiyo miaka 11 ya melini, kazi yako hasa ilikuwa nini?"

Kwa hiyo maombi yangu ni mawili. La kwanza ni kwa gazeti lako, kwamba mwandishi wa ukurasa wa safari airekebishe makala yake kabla watu hawajaanza kulipa amana za msimu ujao. La pili ni kwa wenye meli na boti zinazokwenda Pemba, Dar es Salaam na kwingineko, kwamba wabandike mchoro wa chombo kwenye dirisha la tiketi, unaoonyesha omo, tezi, ngazi, vyoo, mahali pa majaketi ya kuokolea na safu za viti na vyumba, na muuzaji awe amefundishwa kuuliza swali moja tu kabla ya kukata tiketi: mgonjwa au mzee yupo? Karatasi moja iliyofunikwa na plastiki inatosha. Mimi mwenyewe niko tayari kuuchora mchoro wa kwanza bila malipo, wakinipa ruhusa ya kuingia melini na futi ya kupimia siku chombo kinapolala gatini.

Wako,
Mhudumu mstaafu wa meli,
Mkoani, Pemba