Jalada la jarida la chuo lizungumze na mwanafunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni yangu kuhusu namna yanavyobuniwa majalada ya majarida yanayokusudiwa wanafunzi wa vyuo. Mengi hutengenezwa kana kwamba msomaji wake ni uongozi wa chuo: picha ya jengo la utawala au ya mgeni rasmi akikata utepe, nembo zimejipanga pembeni, na kaulimbiu inayoweza kuwekwa kwenye toleo la mwaka wowote. Mwanafunzi akilitupia jicho jarida la namna hiyo haoni linalomhusu, naye hupita zake.

Kasoro hii huanza kabla mbunifu hajagusa rangi wala herufi. Bodi ya wahariri inapaswa kumweleza kwa sentensi moja ni swali gani la mwanafunzi ambalo toleo hilo linalijibu, liwe la ada, la ajira baada ya kuhitimu, la upweke wa mwaka wa kwanza au la msongo wa mawazo wakati wa mitihani. Sentensi hiyo ikikosekana, mbunifu hulazimika kujaza nafasi kwa mapambo, na vichwa vya habari lukuki hugombea ukurasa mmoja bila hata kimoja kusomeka vizuri.

Jarida la Esquire la Marekani lilionyesha nguvu ya wazo moja katika toleo la Aprili 1968, pale mbunifu George Lois alipomweka Muhammad Ali peke yake mbele ya mandhari meupe, amevaa bukta ya ndondi, mwili umechomwa mishale kama anavyochorwa Mtakatifu Sebastian, mfiadini Mkristo wa kale. Mwaka uliotangulia Ali alikuwa amevuliwa ubingwa kwa kukataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, na walioitwa jeshini walikuwa vijana wa rika lile lile la wanafunzi wa vyuo. Sidai kwamba kila jarida la chuo litafute picha nzito kiasi hicho. Hata hivyo, uso wa mwanafunzi mmoja anayeitazama kamera, katika mwanga mzuri, huvuta macho kuliko picha ya umati ambamo hakuna sura inayotambulika.

Maneno nayo yanahitaji uangalifu. Vijana hugundua upesi mtu mzima anayeiga misimu yao, na misimu yenyewe huweza kuchuja kabla jarida halijatoka kiwandani. Swali la wazi kama "Ukihitimu, utaajiriwa wapi?" lina uzito kuliko "Changamoto na Fursa za Ajira kwa Vijana", kichwa ambacho kinafaa zaidi kwenye ripoti ya semina.

Lipo pia suala la jina la jarida, ambalo naliona limepuuzwa kuliko yote. Jarida la TIME limekuwa na mpaka mwekundu tangu 1927, na msomaji hulitambua kabla hajasoma neno lolote. Katika vyuo, bodi hubadilika mara kwa mara kwa kuwa wanafunzi huhitimu na kuondoka, na kila bodi mpya hutaka mwandiko mpya wa jina, rangi mpya na mahali papya pa kuliweka. Matokeo yake ni kwamba jarida lenye umri wa miaka mingi huonekana geni kila linapotoka. Ningependa bodi zirithishane jina likiwa na sura ile ile, na ubunifu uelekezwe kwenye picha na mada.

Kwa upande wa ufundi, mbunifu akumbuke kwamba wanafunzi wengi hukutana na jalada kwanza kwenye simu, likiwa dogo kama stempu. Alipunguze kufikia ukubwa huo aone kama jina na mada bado vinasomeka. Kwa nakala ya karatasi, picha iwe na nukta 300 kwa inchi, na rangi zijaribiwe kwa kuchapwa, kwa sababu kijani na chungwa zinazong'aa kwenye kioo hufifia zikichapwa kwa wino.

Mwisho, naziomba bodi ziwaonyeshe rasimu wanafunzi wasiohusika na jarida, na badala ya kuwauliza kama ni nzuri, ziwaulize toleo hilo linahusu nini. Wakishindwa kujibu, jalada libuniwe upya kabla ya kupelekwa kuchapwa.

Wako,
Mbunifu wa majarida