Kabla ya kuongeza kabati, safisha uvungu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vyumba vya kulala, hasa hivi vya kupanga vya futi 10 kwa 10. Kitanda cha 5 kwa 6 peke yake kinakula futi za mraba 30 kati ya 100. Weka kabati, meza ya televisheni na mtungi wa gesi, pa kupita hapabaki. Mtu akiona chumba kimemshinda hukimbilia kwa fundi kuagiza kabati jingine. Nalo hujaa kama la kwanza, na uvunguni hapajaguswa.

Anza na uvungu, siku ya jua. Vuta kila kitu nje, tandika mkeka, gawa mafungu manne: ya kuvaa, ya kwenda kwa fundi cherehani, ya kugawa na ya kutupa. Fungu la fundi lipelekwe siku hiyohiyo, maana likirudi ndani halitoki tena. Maboksi ya katoni yasirudi kabisa. Huku pwani hunyonya unyevu wakati wa masika, na mikunjo yake ni maskani ya mende na kunguni. Tumia makontena ya plastiki yenye mifuniko, ila nguo ziwe zimekauka kweli. Zilizopigwa pasi zipoe kwanza. Ukizifungia na mvuke wake, utazikuta na madoa ya ukungu.

Begi la shangazi kaja lililotoka safari lisiwekwe kando ya kitanda. Kunguni hujibanza kwenye mishono na zipu. Kulianika juani tu hakutoshi, wadudu wanahamia upande wa kivuli. Nguo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, na mishono ya begi isuguliwe kwa brashi na maji ya moto.

Halafu kuna nguo zilizovaliwa mara moja: kufua bado, kurudi kabatini haziwezi. Hizi ndizo zinazorundikana kwenye kiti na nyuma ya mlango, na mbu hujipumzisha humo mchana. Zitengee misumari mitano, basi. Ikijaa, ya siku nyingi iende kwenye tenga la kufua. Bila kikomo, mlango mzima utavaa nguo.

Vitu visipangwe ukingoni mwa godoro wala kubanwa ubavuni mwa kitanda. Chandarua hakichomekeki, kinaacha upenyo, kisha lawama zote zinaangukia chandarua.

Anayeagiza kitanda kipya amwambie fundi aache uvungu wa inchi 12. Ukiwa wa inchi 5 au 6, kontena haliingii na dekio halipiti. Kinachoingia ni vumbi na kiatu kimoja. Kabati nalo lisigusane na ukuta. Acha inchi 2 au 3 hewa ipite, hasa kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, maana ukungu huanzia mgongoni mwa kabati, mahali ambapo hakuna anayechungulia.

Msomaji wenu,
Tanga