Shamba la yatima lisibaki kwa maneno ya mdomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mfuko mmoja wa hisani ulioko hapa kwetu Mufindi, ulioanzishwa na binti wa familia ya wakulima wa viazi na mahindi, ambao kwa miaka kadhaa sasa umekuwa ukiwavisha na kuwalisha watoto yatima wa vijiji vyetu bila kutegemea mfadhili wa nje. Simtaji jina kwa kuwa mwenyewe hapendi kutajwa.

Haja ya kazi yake inaeleweka. Utafiti wa UKIMWI wa mwaka 2022–2023 ulionyesha maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima wa Njombe na 11.1 kwa Iringa, wakati kiwango cha taifa kilikuwa 4.4, na nyuma ya tarakimu hizo wako mabibi wanaolea wajukuu watano au sita kwa jembe la mkono. Ada ilifutwa, lakini sare, madaftari na debe la mahindi ya chakula cha mchana bado hutoka nyumbani. Kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, binti huyu huwaita watoto barazani kwa baba yake, akaweka unyayo wa kila mmoja juu ya fito ya mwanzi, akakata alama kwa kisu na kuandika jina. Kisha hupanda gari na fito zake hadi sokoni Mafinga kununua viatu, kwa sababu, kama alivyonieleza, kiatu kinachobana humrudisha mtoto nyumbani upesi kuliko njaa. Fedha hutokana na viazi vya shamba la mfuko, anavyoviuza kwa mizani wala si kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na kila gunia limeandikwa katika kaunta buku ambalo mwanakijiji yeyote anaruhusiwa kulifungua.

Hofu yangu ni ardhi. Heka nne za mfuko huo alikatiwa na baba yake mbele ya ukoo, kaka zake wakaitikia, na hakuna karatasi iliyoandikwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, lakini kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963, zilizomweka binti daraja la tatu la warithi, bado zimo vichwani mwa wengi, na siku ya msiba ndizo hutajwa kwanza. Nayasema haya kwa uchungu kwa kuwa yalitufika. Marehemu shangazi yangu alifundisha wasichana ushoni katika nyumba aliyojenga kwenye kiwanja cha familia. Matanga hayajaanuliwa, vyerehani vyake vinne vilikuwa vimeshabebwa, na wasichana wakaambiwa warudi makwao.

Isitoshe, sehemu ya shamba hilo imepandwa mipaini, na mpaini wa mbao huchukua karibu miaka 20. Atakayeivuna huenda asiwe yeye.

Njia ipo. Chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318, wadhamini, yaani watu wanaokabidhiwa mali ya mfuko, wakisajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) huwa chombo chenye uhai wa kudumu na lakiri yake, kinachoweza kumiliki ardhi kwa jina lake na kushtaki au kushtakiwa, hivyo mdhamini akifariki mali haiingii katika mirathi yake. Najua binti huyu anahofia kuwa wadhamini wanaweza kumgeuka, na hofu hiyo si ya kubezwa. Lakini katiba ya mfuko huandikwa na waanzilishi wenyewe, na humo ndimo pa kuweka masharti ya nani anaingia na nani anaondolewa.

Nawaomba wasaidizi wa kisheria wa wilaya yetu wamfuate kijijini, na halmashauri ya kijiji iwakutanishe wanaukoo waandike na kutia saini kile walichokwisha kukisema. Mzee aliyetoa shamba yu hai, akili zake timamu, na bado anaandika jina lake mwenyewe. Lifanyike kabla ya mvua za Novemba.

Msomaji wako,
Mafinga, Iringa